Mstari wa Tulizana

Kwanza kuna kiti. Msiniulize ni nchi gani, maana nikiitaja mtasema ni yenu, na mimi sitaki ugomvi na mtu. Kiti chenyewe ni cha mninga, kiko kwenye jengo kubwa juu ya kilima katika mji mkuu, na Mkuu wa Nchi hukikalia kuanzia saa tatu asubuhi. Mikoa yote anayoitazama akiwa amekaa inaitwa Machoni. Mikoa yote iliyo nyuma ya mgongo wake inaitwa Kisogoni. Jiografia yetu imeishia hapo. Watoto wa darasa la tatu huimaliza kwa kipindi kimoja, kisha hutoka kucheza.

Mishahara ya manesi nayo imefuata kiti. Nesi wa Machoni hulipwa mara tatu ya nesi wa Kisogoni, hata kama walisoma chuo kimoja na kulala kitanda cha juu na cha chini. Sababu nilifundishwa siku niliyoajiriwa nami nikaikariri. Mkuu akitupa jicho dirishani akamwona nesi amevaa viatu vilivyotoboka, atasononeka, na nchi haiendeshwi na mtu aliyesononeka. Nesi wa Kisogoni hata avae nini, hasononeki mtu. Isitoshe, Kisogoni maisha ni rahisi, mchicha unajiotea wenyewe. Habari ya mchicha ilithibitishwa na mtaalamu aliyepita huko kwa ndege.

Mimi naitwa Shembilu, Mpima Mistari Mwandamizi, Daraja la Pili, katika Wizara ya Usawa wa Mishahara. Kazi ya wizara yetu ni kuhakikisha kwamba mishahara inapishana kwa utaratibu ulio sawa kwa wote. Ninayoyasimulia niliyafanya mwenyewe. Naona haya kuyasema, lakini kukaa nayo kifuani kumenishinda.

*

Mkoa ni nusu tu ya mshahara. Nusu ya pili ni kazi yenyewe, na hapo ndipo nilipoanza kujiharibia.

Kamati ya Madaraja ilikutana siku nne katika hoteli yenye zulia hadi chooni. Kanuni ilikuwa nyepesi: kadiri nesi anavyokuwa mbali na mgonjwa, ndivyo mshahara wake unavyokuwa mnono. Juu kabisa tukamweka Muuguzi wa Makongamano, ambaye kwa miaka minane hakuwa ameona mgonjwa ila kwenye picha. Akafuata Muuguzi wa Takwimu. Akafuata Muuguzi wa Mapazia, anayehakikisha mapazia yamefuliwa siku ya ziara ya wakubwa. Chini yao tukawapanga wachoma sindano, na chini zaidi wale wanaogeuza wagonjwa na kuwafuta.

Tukabaki na mkunga, na hapo kikao kikakwama. Mama mmoja wa idara ya sheria akasema, "Huyu anashika watu wawili kwa wakati mmoja. Kwa kanuni yetu ndiye aliye karibu kuliko wote. Tunamweka wapi wakati chini hakuna ngazi iliyobaki?"

Watu wakakuna vichwa. Sambusa zilikuwa zinapoa. Waziri wetu, Mheshimiwa Ndaro Makasi, akaangalia saa, na mimi, kwa tamaa ya kuonekana, nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa," nikasema, "kimsingi, mtoto hutoka mwenyewe. Mkunga anamsindikiza tu."

Halafu Mheshimiwa akasimama, akapiga makofi, na ukumbi mzima ukasimama naye. "Andikeni hivyo hivyo!" akasema. "Msiongeze neno, msipunguze neno! Huyu kijana amelitua taifa mzigo!"

Ikaandikwa kwenye Waraka Namba Saba: "Kwa kuwa mtoto hutoka mwenyewe, mkunga atalipwa kama msindikizaji." Mimi nikaongezewa sambusa ya pili. Niliila yote, Mungu anisamehe.

*

Mwaka uliofuata Mkuu wa Nchi alizawadiwa televisheni. Ilikuwa kubwa, haikuenea ukutani ilipokusudiwa, ikawekwa pembeni. Mkuu ili aione vizuri akakisogeza kiti, shibiri moja tu kuelekea kushoto.

Loo! Shibiri moja ya Ikulu ni maili ngapi mipakani? Wataalamu walikesha wiki tatu wakipiga hesabu. Vijiji ishirini vikaingia Machoni bila kunyanyua mguu. Vingine kumi na tisa vikatumbukia Kisogoni, na shule zao zikaletewa ramani mpya na barua ya pole. Lakini mahali pamoja mpaka ulipita katikati ya jengo. Jengo hilo ni Kituo cha Afya cha Tulizana.

Nilipolisikia jina hilo nilijifanya nasoma faili. Kwenye fomu za kazi niliandika kwamba nimezaliwa mji mkuu, Machoni, mbele kabisa. Ukweli ni kwamba nimezaliwa Tulizana, Kisogoni, na mama yangu kazikwa huko huko. Nilikuwa sijakanyaga tangu mazishi.

Mheshimiwa Makasi alitandaza ramani mezani, akachukua penseli, akavuta mstari mwenyewe, bila rula. Kisha akanikabidhi kopo la rangi nyeupe, brashi na kamba, na wapiga picha wakaitwa.

"Ndugu Shembilu!" akanguruma. "Mstari ni mtumishi wa umma aliyetukuka! Mstari hauli, haulali, haugomi, haudai likizo! Nenda ukauchore Tulizana, na usirudi mpaka ukauke!"

Tukapiga makofi, mimi nikiwa na kopo kwapani.

*

Nilifika Jumatano asubuhi kwa pikipiki. Mlangoni alinipokea Sista Kalunde, mkunga wa kituo kwa miaka thelathini na minne, mama mfupi mwenye mikono mikubwa, kanga kiunoni juu ya sare.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, baba. Karibu na rangi yako." Akanitazama kuanzia chini, akapanda polepole hadi usoni, kisha akatabasamu kidogo bila kusema kitu.

Kulikuwa na nesi mwingine pale, Sista Mwanjaa, binti wa miaka ishirini na sita. Yeye alikaa chumba cha kutibu wagonjwa wa nje, ambacho tangu televisheni ifike kilikuwa Machoni bila ubishi. Kazi yote alifundishwa na Sista Kalunde, na sasa alimzidi mshahara mara tatu. Alinivuta kando akaniambia, "Kaka, mimi siku ya mshahara najificha stoo. Siwezi kumtazama yule mama usoni."

Jambo lenyewe lilikuwa hili, na nililielewa kabla sijamaliza chai. Sista Kalunde alikuwa anastaafu Ijumaa, keshokutwa yake. Sheria inasema kiinua mgongo cha nesi hupigiwa hesabu kwa sakafu aliyosimama siku yake ya mwisho kazini. Nyumba yake ilianguka masika yaliyopita, akawa analala kwenye chumba kidogo cha kituo, na akistaafu chumba hicho anakirudisha.

"Cha Kisogoni kinatosha kununua mlango na bawaba zake," alinieleza bila kulalamika, kama mtu anayesoma bei sokoni. "Cha Machoni kinatosha kununua na nyumba ya kuutia huo mlango. Sasa wewe ndiye mwenye kamba. Pima, baba, nijue."

Nikapima. Kamba ikatoka kwenye jiwe la mpaka, ikavuka jikoni, ikaingia leba, ndicho chumba chake cha kuzalishia. Nikarudia mara ya pili, nikaketi chini. Penseli ya Mheshimiwa ilikuwa butu. Mstari wake ukiupeleka kutoka kwenye ramani hadi ardhini, unakuwa na upana wa hatua tano. Kitanda cha kujifungulia kilikuwa ndani ya penseli.

Nikichora ukingo wa huku, kitanda kiko Machoni. Nikichora ukingo wa kule, kiko Kisogoni. Zote mbili ni halali, na hakuna aliyeniambia nichague upi.

Sista Kalunde alielewa upesi kuliko mimi. "Kwa hiyo ni wewe tu," akasema.

"Ni mimi tu, Sista."

"Sikuombi hisani. Nimekuuliza ili nijue nifunge mizigo vipi."

"Usiwe na wasiwasi, mama," nikamwambia, na wallahi nilikuwa na nia hiyo. "Mstari utakaa upande wako mzuri. Nakuahidi."

Akashusha pumzi. Ukutani nyuma yake ulikuwa umebandikwa Waraka Namba Saba, umepigiwa mstari kwa wino mwekundu pale pale. Akauonyesha kwa kidole.

"Hivi huyu aliyeandika kwamba mtoto hutoka mwenyewe," akauliza, "unamjua?"

"Simjui," nikasema. Nilijibu haraka mno, nikajishughulisha na kifuniko cha rangi.

*

Saa nne na nusu bodaboda ikaingia uani ikiwa imebeba watu watatu: dereva, mama mkwe, na katikati yao binti anayeitwa Siwema, ameuma upindo wa kanga. Sista Kalunde akampokea, akampandisha kitandani, akampima kwa mikono yake ile. Uso wake ukabadilika.

"Miguu imetangulia," akasema. "Na hospitali kubwa ni saa tatu kwa gari ambalo hatuna. Mwanjaa!"

Sista Mwanjaa alikuwa mlangoni tayari, lakini amesimama. Mtumishi wa Machoni akivuka kwenda kufanya kazi Kisogoni, mshahara wake hushuka moja kwa moja na haupandi tena, hiyo ni ibara ya kumi na mbili. Na kwa kuwa mimi nilikuwa sijachora, hakujua anavuka au havuki. Akaniangalia. Nikaangalia dari. Basi Mwanjaa akavua viatu, akavipanga vizuri upande wa Machoni, akaingia peku.

"Viatu viko kazini," akasema. "Mimi nimekuja kusalimia."

Dripu ikatundikwa wapi? Stendi ilikwisha orodheshwa kama mali ya Machoni, ikafungiwa kule, na ufunguo uko mji mkuu. Sista Kalunde akanitia chupa mkononi. "Inua. Juu ya kichwa chako. Ukichoka, usiniambie."

Nikainua. Nilisimama hivyo hadi saa sita na robo, na sitaki kujifanya shujaa, nilichofanya ni kuwa msumari. Lakini nilikuwa na macho. Nilimwona yule mama, aliyelipwa kama msindikizaji, akifanya kazi ambayo sikuwahi kuiona ikijadiliwa katika siku nne za kamati.

"Usisukume, Siwema. Bado, mwanangu. Pumua. Nitakwambia."

Miguu ikatoka, kisha kiuno. Akakifunga kile kiuno kwa kitambaa, mikono yake ikangoja, haikuvuta. Akamgeuza mtoto taratibu upande mmoja, mkono ukachomoka. Akamgeuza upande mwingine, mkono wa pili. Kikabaki kichwa. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni na hakulifuta. Mama mkwe alikuwa akisali kwa sauti, Mwanjaa kabonyeza tumbo pale alipoonyeshwa. Sista Kalunde akamlaza mtoto juu ya mkono wake, akaingiza vidole, akasema, "Sasa, Siwema! Sasa hivi!"

Mtoto akatoka wa buluu, kimya. Akamfuta, akamsugua mgongo, akamsafisha pua, akamsugua tena. Nilihesabu matone ya dripu ili nisisikie ule ukimya. Matone kumi na saba. Ndipo kitoto kikakohoa, kikalia, na mimi mtu mzima nikalia nacho, chupa juu.

Baadaye tulikuwa tunanawa pale nje, Sista Kalunde kwenye beseni, mimi nikimmiminia maji. Akasema bila kuinua kichwa:

"Wewe ni wa Mwasiti."

Nikaacha kumimina maji.

"Nilikujua tangu ulipoteremka kwenye pikipiki. Huo mguu wa kushoto, unavyouingiza ndani ukitembea. Watu wengine nawajua kwa sura. Wewe nilianza na huo mguu, sura niliiona baadaye sana. Mama yako alikaa siku mbili na wewe. Siku mbili, baba. Nilidhani nitawapoteza wote."

Mama yangu aliwahi kuniambia kwamba nilizaliwa kwa shida. Sikuuliza shida gani. Nilikuwa na haraka ya kwenda kusoma. Pale nilipo nikaona mkono wangu kwenye ukumbi wa hoteli, umenyooshwa, na sambusa, na makofi. Nilitamani ardhi ipasuke, upande wowote.

"Sista," nikasema, "leo hii nachora. Na nachora nilivyokuahidi."

"Haya, mwanangu," akajibu, akakung'uta maji mikononi.

*

Nilikuwa nimechovya brashi simu ilipolia, nikatoka nayo uani.

"Shembilu! Taifa linauliza, mstari uko wapi?"

"Mheshimiwa, kuna jambo dogo. Penseli ina unene. Kitanda cha mkunga kiko katikati ya unene, kwa hiyo kwa mujibu wa ramani ninaweza kukiweka Machoni."

"Unaweza?" Akacheka kwa upole, cheko la mtu aliyeshiba. "Kijana wangu, nchi hii ina wakunga elfu mbili Kisogoni. Leo ukimvusha mmoja, kesho wote wanasukuma vitanda. Utaona mipaka imejaa vitanda! Na tena, kumbuka maneno yako mwenyewe yaliyoliokoa taifa. Mtoto hufanya nini?"

Nikaangalia rangi ikidondoka kutoka kwenye brashi.

"Sikusikii, Shembilu. Mtoto hufanya nini?"

Dirishani nilimwona Sista Kalunde akimnywesha Siwema uji.

"Hutoka mwenyewe, Mheshimiwa," nikasema.

"Ahsante. Nina nafasi ya Mpima Mistari Mkuu hapa, ofisi yenye kiti cha kuzunguka. Rudi upesi."

Ningependa niwaambieni kwamba alinitisha. Hakunitisha. Ningependa kusema nilikuwa na watoto wa kulisha, lakini sina mtoto. Nilirudi ndani, nikapiga magoti, nikahamisha kamba hatua tano, nikachora ukingo wa kule. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Kitanda, mkunga, mama na mtoto wake vikabaki Kisogoni, na viatu vya Mwanjaa vikabaki Machoni, vimepangwa.

Sista Kalunde alikuja na kikombe kitupu mkononi. Akasimama mbele ya mstari, akautazama kuanzia ukuta hadi ukuta. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti.

"Umenyooka," akasema.

Nikafunika kopo.

"Unakauka saa ngapi?"

"Baada ya saa mbili, mama."

"Basi nitawaambia wasiukanyage." Akainua kanga yake isiguse rangi, akavuka kwenda jikoni kuosha kikombe.

*

Sasa mimi ni Mpima Mistari Mkuu. Kiti kinazunguka kweli, lakini popote nitakapokigeuzia hakuna mshahara wa mtu unaobadilika. Kinachohesabika ni kile cha mninga.

Mwezi uliofuata nililetewa hundi nisiyoitarajia. Picha ya mimi na dripu, aliyoipiga yule dereva wa bodaboda kupitia dirishani, ilikuwa imefika wizarani, na Kamati ya Madaraja ilikuwa imekutana. Ikaamuliwa kwamba afisa wa Machoni aliyeinua dripu kwa muda ule ametoa Huduma ya Uzazi ya Ngazi ya Taifa, nayo ina posho yake. Posho hiyo ilizidi kiinua mgongo cha Sista Kalunde, chote, cha miaka thelathini na minne. Mheshimiwa akatoa hotuba nyingine. Nikasimama, nikainama, nikapokea.

Siku tatu sikulala vizuri. Ya nne nikazitia fedha zote kwenye bahasha, nikamtumia Sista Kalunde kwa mkono wa dereva wa wizara. Sikuandika barua. Ningeandika nini? Nilijisikia nafuu sana, hata nikaagiza chai na sambusa.

Bahasha ilirudi Jumatatu. Dereva alisema amemkuta kwa Siwema, kapewa kona ya kulala, anamlea yule mtoto mama yake akienda shamba, na mlango wake mpya umeegemezwa ukutani kwa nje. Fedha zilikuwemo zote. Pamoja nazo kulikuwa na kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye Waraka Namba Saba, sehemu ile yenye wino mwekundu, na chini yake mwandiko wa pole pole wa mtu aliyezoea kuandika majina ya watoto wachanga:

"Chukua tu, baba, sikufanya kitu. Mtoto hutoka mwenyewe. Isipokuwa wewe."

Karatasi nimeifungia kwenye droo ya chini. Fedha nimezitumia.